Ikarus: Kiwanda cha Budapest na Kumbakumba za Dar es Salaam

Ikarus ni jina la kiwanda cha mabasi kilichokuwa Mátyásföld, pembezoni mwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Katika miaka ya 1970 na 1980 kilihesabiwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya mabasi duniani. Mabasi yake yalibeba watu Moscow, Berlin Mashariki, Warsaw, Maputo na Luanda, na kwa muda yalibeba watu Dar es Salaam pia, ambako lile refu lenye mkunjo katikati lilipewa jina la kumbakumba. Abiria wengi hawakujishughulisha na lilikotoka. Wapo waliosema ni basi la Kirusi, na ingawa Hungaria si Urusi, hawakuwa mbali sana na ukweli: pasipo soko la Muungano wa Kisovieti, kiwanda cha ukubwa ule kisingekuwapo.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Mwaka 1895 mhunzi aitwaye Imre Uhri alifungua karakana Budapest ya kufua chuma na kuunda magari ya kukokotwa na farasi. Magari ya injini yalipoingia, karakana hiyo ikafanya kilichofanywa na mafundi wa magari ya farasi kote Ulaya: injini, fremu na magurudumu vilinunuliwa kwingine, fundi akaunda bodi juu yake. Wana wa familia ya Uhri waliendeleza kazi hiyo, wakayumba katika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, wakasimama tena. Baada ya Vita Kuu ya Pili Hungaria ikaangukia upande wa Kisovieti, na mwaka 1948 kiwanda kikataifishwa. Mwaka uliofuata kiliunganishwa na kampuni nyingine ya mashine na bidhaa za chuma iliyokuwa ikiitwa Ikarus, na jina hilo ndilo lililobaki. Katika ngano za Wayunani Ikarus ni kijana aliyeruka kwa mabawa ya manyoya na nta, akalikaribia jua mno, nta ikayeyuka, akatumbukia baharini. Jina la ajabu kwa chombo kinachotakiwa kufika salama.

Ili kuelewa kilichokipa kiwanda hicho sifa, inafaa kujua kwanza kwamba mabasi huundwa kwa njia mbili. Ya kwanza ndiyo iliyozoeleka Tanzania bara: huchukuliwa chesesi ya lori yenye fremu nene ya chuma, na juu yake mafundi wa hapa hapa huchomelea bodi ya mabomba na mabati. Basi la namna hiyo ni zito na hurusha abiria, lakini fremu yake huvumilia mashimo na makorongo, na bodi ikichanika hurudishwa gereji ikachomelewa upya. Mabasi yaliyofungua njia za mikoani, kama zile za kwenda Katesh, Haydom na Mbulu, yalikuwa ya ukoo huo. Njia ya pili ni kuifanya bodi yenyewe ibebe mzigo, kama ganda la yai: sakafu, mbavu, paa na mabati ya ubavuni hushikana na kugawana uzito. Basi huwa jepesi, hushuka chini karibu na barabara, na hutumia mafuta kidogo kwa kila abiria. Ila ganda likipata ufa au kutu mahali pamoja, udhaifu husambaa. Ikarus ilijifunza njia hii ya pili mapema. Basi lake la Ikarus 30, lililoanza kutengenezwa mwaka 1951, lilikuwa la bodi inayojibeba, na Ikarus 55 lililofuata, lenye injini nyuma, liliwapendeza sana wasafiri wa masafa marefu wa Ulaya Mashariki.

Hata hivyo, ufundi peke yake haukukikuza kiwanda. Januari 1949 nchi za Kisoshalisti ziliunda baraza la ushirikiano wa kiuchumi lililojulikana kama Comecon. Katika miaka ya 1960 nchi hizo zilizidi kugawana kazi, ili kila nchi ichukue bidhaa fulani na kuwatengenezea wenzake wote. Hungaria ni nchi ndogo isiyo na mafuta ya kutosha wala madini mengi ya chuma, ikaangukiwa na mabasi. Mkataba ulikuwa mwepesi kuueleza: Hungaria ipeleke mabasi Moscow, Moscow ilete mafuta ghafi, gesi na malighafi nyingine. Fedha taslimu hazikuhama mkono. Hesabu iliandikwa vitabuni kwa rubli za mahesabu ambazo hazikuweza kununua kitu nje ya kundi hilo.

Muungano wa Kisovieti ulikuwa na viwanda vyake pia. Kilikuwapo LAZ cha Lviv, Ukraine, kilichoanzishwa mwaka 1945, kilikuwapo PAZ cha Pavlovo kilichojulikana kwa mabasi madogo ya vijijini, na kilikuwapo LiAZ cha Likino-Dulyovo kilichotoa mabasi ya mjini kwa maelfu. Kilichokosekana ni basi refu la kuunganishwa, la kumeza umati wa wafanyakazi asubuhi katika miji iliyokuwa ikipanuka upesi. Pengo hilo ndilo Ikarus ililoliziba. Kiwanda cha pili kikafunguliwa katika mji wa Székesfehérvár, na magari mapya yakawa yanapakiwa kwenye treni kuelekea mashariki wiki kwa wiki.

Kazi bora ya Ikarus ni kundi la mabasi lililoitwa mfululizo wa 200, ambalo umbo lake lilichorwa na László Finta na wenzake. La kwanza, Ikarus 250 la safari ndefu, lilionyeshwa mwaka 1967. Likafuata Ikarus 260 la mjini, lenye urefu wa mita 11, na mwaka 1973 likaanza kutoka kwa wingi Ikarus 280, ambalo ni basi lilelile la 260 lililoongezewa kipande cha pili nyuma likafikia mita 16.5. Uchoraji wa Finta ulikuwa wa mistari iliyonyooka, vioo vikubwa na pembe zilizopigwa duara kidogo. Haukuwa na madaha, ndiyo sababu haukuchakaa machoni pa watu kwa miaka 30.

Ubingwa ulikuwa ndani ya mpango wenyewe. Mabasi yote ya mfululizo huo yalitumia vipande vilevile: dirisha la 260 liliingia kwenye 280, mlango wa moja uliingia kwenye jingine, taa, viti na mabati vilevile. Mteja alichagua idadi ya milango, aina ya gia na mpangilio wa viti, kiwanda kikaunganisha kama mtoto anavyopanga vibao. Chesesi zilitoka kiwanda cha Csepel, karibu na Budapest, zikaunganishwa na bodi mpaka vikawa kitu kimoja. Injini ilitoka kiwanda cha Rába, mjini Győr, kilichoitengeneza kwa leseni ya kampuni ya MAN ya Ujerumani Magharibi: dizeli ya silinda sita, zaidi kidogo ya lita 10, ya karibu nguvu za farasi 200. Kwa hiyo basi lililosifiwa kama ushahidi wa maendeleo ya Kisoshalisti lilitembea kwa moyo uliobuniwa na mabepari. Wahungaria wenyewe hawakulificha jambo hilo, wala hawakulitangaza sana.

Katika Ikarus 280 injini hiyo ililazwa kiubavu chini ya sakafu ya kipande cha mbele, kati ya ekseli ya kwanza na ya pili. Ekseli ya pili ndiyo iliyosukuma gari, na kipande cha nyuma, chenye ekseli moja, kilivutwa tu kama tela. Mpango huo una faida kubwa. Basi la kuunganishwa lenye injini nyuma kabisa husukumwa kutoka mkiani, na barabara ikiteleza, mkia unaweza kukipinda kiungo cha katikati mpaka vipande viwili vikunjane kama kisu cha kukunja. Basi la namna hiyo huhitaji mitambo maalumu ya kuzuia mkunjo huo. Ikarus haikuihitaji, kwa sababu kinachovutwa hufuata kinachovuta. Zaidi ya hapo, magurudumu ya ekseli ya tatu yaligeuzwa na vyuma vilivyounganishwa na kiungo, hata kwenye kona mkia ukafuata njia ya kichwa bila kupanda ukingo wa barabara. Juu ya kiungo palikuwa na sakafu ya duara iliyozunguka, na pande zote palizibwa kwa mpira wenye mikunjo kama mvukuto wa kodiani. Abiria aliyesimama hapo aliona nusu ya basi ikielekea kushoto na nusu nyingine ikiwa bado inakwenda mbele.

Faida hiyo ilikuja na gharama zake. Injini chini ya sakafu hupiga kelele miguuni mwa abiria, hupandisha joto ndani, na hula vumbi na maji ya madimbwi. Fundi aliyetaka kuifikia alifungua vifuniko vya sakafuni au aliingia uvunguni akalala chali. Mahali penye handaki la kufanyia kazi, zana kamili na baridi ya Ulaya, hilo ni kero ndogo. Mahali penye mchanga, chumvi ya bahari na jua la Ikweta, ni jambo jingine.

Kwa hesabu, Ikarus 260 zilitengenezwa zaidi ya 72,000, na Ikarus 280 karibu 61,000. Hakuna basi jingine la kuunganishwa la wakati ule lililokaribia idadi hiyo. Sehemu kubwa ilikwenda kwa Wasovieti, na Ujerumani Mashariki ikafuata. Hata Marekani ilinunua: mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Crown Coach ya California ilipokea magari kutoka Hungaria, ikayafunga injini za Kimarekani na kuyauza kwa miji kadhaa, Portland ikiwamo. Vita baridi havikuzuia biashara ya mabasi.

Afrika iliingia katika habari hii kwa njia ya nchi zilizotoka kupata uhuru na kutaifisha usafiri wa mijini. Angola na Msumbiji, zilizojitawala mwaka 1975, zilirithi miji iliyokimbiwa na Wareno pamoja na mafundi wao, zikaelekea Mashariki kutafuta magari. Tanzania ilifika huko kwa njia yake.

Dar es Salaam ya wakoloni ilihudumiwa na kampuni binafsi ya Waingereza, Dar es Salaam Motor Transport, iliyojulikana kwa herufi zake tatu, DMT. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 njia kuu za uchumi zilianza kuwekwa mikononi mwa umma, na zamu ya DMT ilifika mwaka 1970. Mwaka 1974 shirika hilo liligawanywa sehemu mbili. Safari za mikoani zilikwenda kwa Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA, ambayo jina lake bado linatajwa kila siku na watu wanaopita kwenye mataa ya Kamata karibu na Kariakoo, wengi wao wakiwa hawajui kwamba ilikuwa kampuni. Safari za ndani ya jiji zikakabidhiwa Usafiri Dar es Salaam, UDA.

UDA ilizaliwa wakati mgumu. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 356,286 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 1978 ikawakuta 843,090. Jiji lilikuwa limezidi maradufu katika miaka kumi na mmoja, na wengi wa wageni hao walijenga mbali na kazi: Manzese, Ubungo, Mbagala, Tandika, Mwananyamala. Wakati huohuo bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Serikali ilifikia hatua ya kupiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa petroli. Mtu asiye na gari hakuhitaji kukatazwa. Yeye tayari alikuwa kituoni, akisubiri.

Katika hali hiyo basi la mita 16.5 lilikuwa na mantiki yake. Dereva mmoja, injini moja, na zaidi ya watu 100 ndani, hata 150 wakijibana. Kwa shirika lenye madereva wachache waliofunzwa na mafuta ya kupimiwa, basi moja refu lilifanya kazi ya mabasi mawili. Ununuzi kutoka Hungaria ulilingana pia na siasa ya nchi ya kutofungamana na upande wowote, siasa iliyopata reli kutoka China, kiwanda cha kuunganisha malori ya Scania pale Kibaha kutoka Sweden, na matrekta ya mashamba ya ngano kutoka Canada. Kila rafiki alileta chake.

Watu wa Dar es Salaam hawakuchukua muda kulipa basi hilo jina. Kukumba ni kusukuma kwa kifua au bega, na pia ni kuzoa kila kitu kisibaki. Kumbakumba ilifanya yote mawili: ilifika kituoni ikazoa umati mzima, na ndani yake watu walikumbana. Lilikuwa jina la mzaha na la shukrani kwa pamoja. Saa za kwenda kazini milango ilijaa watu wa kuning'inia, mguu mmoja ndani na mwingine hewani, huku kondakta akijipenyeza kutafuta nauli. Kwa watoto wa wakati ule kusimama kwenye kile kiungo kinachozunguka ilikuwa starehe isiyolipiwa.

Uhai wake haukuwa mrefu. Si haki kulilaumu basi lenyewe, maana lilikuwa basi zuri, na mahali lilipotunzwa liliishi miaka 20 na zaidi. Wala si haki kuuweka mzigo wote mabegani mwa mafundi wa UDA. Kiini cha jambo ni spea. Basi la Ikarus lilibuniwa kuishi ndani ya mtandao wa viwanda vilivyofahamiana: pampu ya sindano ikiharibika, ilipatikana, mpira wa mkunjo ukichanika, ulipatikana, hesabu iliandikwa kwa rubli. Tanzania haikuwa ndani ya mtandao huo. Ilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa zimekwisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita vilivyofuata vilimeza mafuta, magari na akiba ya Benki Kuu. Bei ya kahawa iliyokuwa imepanda ikashuka. Kila shirika lilipanga foleni kuomba kibali cha kuagiza vitu nje, na spea za mabasi ziligombania fungu moja na dawa za hospitali na mashine za viwanda vya nguo.

Wingi wa aina ulizidisha taabu. Karakana yenye mabasi ya aina moja huweza kulirekebisha moja kwa kiungo cha jingine. UDA ilikuwa na Ikarus pamoja na magari ya asili nyingine, kila moja na bolti zake, filta zake na vitabu vyake vya ufundi katika lugha yake. Mpango wa Ikarus wa vipande vinavyoingiliana ulikuwa na maana pale tu ambapo Ikarus zilikuwa mamia. Palipokuwa na chache, kilichobaki ni kuchinja: gari lililokufa hutolewa viungo ili mengine yatembee, kisha la pili huchinjwa kuliokoa la tatu. Mwisho wake ni yadi yenye mabasi yaliyoinuliwa juu ya mawe, hayana matairi, majani yakiota katikati ya mbavu. Kiswahili cha mitaani kimeihifadhi picha hiyo: mtu asiye na fedha husemwa yuko juu ya mawe.

Hali hiyo haikuwa ya Dar es Salaam peke yake. Wilayani Hanang serikali kupitia Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, ililima ngano kwa msaada wa Canada kwenye tambarare za Basotu, katika ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig. Mashine za kupandia na kuvunia zilitoka Canada, na spea zake vilevile. Kwa muda wote ambao msaada ulikuwapo, mashine zilifanya kazi, na msaada ulipokwisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashamba yakaanza kudhoofika. Mashine za Canada zilikuwa na mfadhili nyuma yake kwa miaka 20 hivi. Kumbakumba hazikuwa naye, ndiyo maana ziliwahi kufa.

Upande mwingine wa habari ni nauli. Nauli za UDA zilipangwa na serikali, na serikali iliziweka chini kwa makusudi, kwa sababu mpanda basi alikuwa mfanyakazi wa kima cha chini na hasira yake ilikuwa jambo la siasa. Nauli hiyo haikutosha kununua matairi, sembuse basi jipya. Shirika lilitakiwa lijiendeshe kibiashara huku likikatazwa kutoza bei ya biashara. Ni vigumu kwa kampuni yoyote ya mabasi kuliweza hilo bila ruzuku, na Budapest yenyewe, walikotengeneza Ikarus, iliendesha usafiri wake kwa ruzuku nono.

Pengo kati ya umati na mabasi lilizibwa na watu binafsi kabla sheria haijawaruhusu. Magari ya kila namna yalibeba abiria kwa kificho, yakaitwa teksi bubu, kwa kuwa hayakuwa na kibao wala sauti. Polisi waliyafukuza asubuhi na baadhi yao wakayapanda jioni. Mwaka 1983 serikali ilikubali yaliyokwisha tokea, ikaruhusu mabasi madogo ya watu binafsi kubeba abiria jijini kwa leseni. Nauli yao ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa dala. Makonda wakapaza sauti, dala dala, na jina likaganda. Hapo ndipo enzi ya basi kubwa la umma ilipovunjika, si kwa tamko bali kwa hesabu ndogo: mwenye daladala alinunua gari kuukuu la Kijapani ambalo spea zake ziliuzwa dukani Kariakoo, na likiharibika leo, kesho asubuhi lilikuwa barabarani. Sensa ya 1988 ilipohesabu watu 1,360,850 jijini, wengi wao walikuwa wakisafiri kwa vibasi vya watu ishirini na kitu. Kumbakumba zilipungua moja moja mpaka zikabaki maskani ya kuku na vyuma chakavu.

Wakati Dar es Salaam ikiziaga, Budapest bado ilikuwa ikizalisha kwa wingi wa kutisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ikarus ilitoa mabasi zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Lakini kilichoiua kumbakumba Dar es Salaam kilikuwa njiani kuelekea Mátyásföld. Kiwanda kilichozoea mteja mmoja mkubwa asiyechagua sana hakikuwa na haraka ya kubuni. Mfululizo wa 200 uliendelea kutoka mwaka baada ya mwaka kwa mabadiliko madogo, huku viwanda vya Magharibi vikiingia kwenye mabasi ya sakafu ya chini ambayo mzee au mama mwenye mtoto huingia bila kupanda ngazi. Ikarus ilikuwa na wahandisi waliojua kutengeneza mabasi hayo, na mifano waliitengeneza. Mteja wa Moscow hakuyaomba.

Kuanzia Januari 1991 biashara kati ya nchi hizo ilianza kulipwa kwa fedha za kweli, dola na mfano wake. Katikati ya mwaka huo Comecon ikavunjwa, na Desemba Muungano wa Kisovieti wenyewe ukasambaratika. Miji ya Urusi ilihitaji mabasi kama kawaida, ila haikuwa na dola. Yaani Moscow ilijikuta mahali pale pale alipokuwa mhasibu wa UDA miaka kumi nyuma: basi analitaka, spea anazijua, fedha za kigeni hana. Tofauti ni kwamba safari hii maumivu yalirudi mpaka kwa mtengenezaji. Uzalishaji wa Ikarus uliporomoka, wafanyakazi kwa maelfu wakapoteza kazi, na mwaka 1999 kampuni ikaingia mikononi mwa Irisbus, iliyomilikiwa na Wafaransa na Waitaliano. Wamiliki hao hawakuhitaji karakana kubwa za Hungaria kwa kuwa walikuwa na zao. Miaka michache baadaye kiwanda cha Mátyásföld kilifungwa, na cha Székesfehérvár nacho kikafungwa. Majaribio ya kulifufua jina la Ikarus yamefanywa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa idadi ndogo mno ukilinganisha na enzi zake.

Kitu kilichodumu kuliko kiwanda ni mabasi yenyewe. Kwa miaka mingi baada ya kufungwa kwa Mátyásföld, Ikarus zilionekana katika miji ya Urusi, Ukraine na Hungaria, kwa sababu spea zilikuwa zimejaa kila mahali na kila fundi aliijua injini ya Rába kwa kuisikiliza tu. Wapenzi wa magari ya kale wamehifadhi baadhi na kuyapaka upya rangi za miji yaliyotoka. Dar es Salaam nayo ingefaa kuwa na moja katika makumbusho, kwani chombo kilichobeba jiji zima kilistahili angalau kubaki kimoja mahali watoto wakakione.

Mabasi ya kuunganishwa yalirudi Dar es Salaam Mei 2016, yalipoanza ya mwendokasi katika barabara ya kilomita 21 hivi kati ya Kimara na katikati ya jiji. Marefu zaidi kati yake yana mita 18, yalitengenezwa na kampuni ya Golden Dragon ya China, na mwendeshaji wake wa kwanza alibeba jina la UDA. Yalipewa njia yake peke yake, kitu ambacho kumbakumba haikuwahi kukipata. Asubuhi yanapofika Ubungo umati hukumbana mlangoni kama zamani. Huko Budapest, Ikarus 280 za mwisho ziliendelea kubeba abiria miaka sita baada ya hapo, zikaondolewa barabarani Novemba 2022.